Habari za Nyumba za Udongo na Misingi Yake katika Mbulu na Hanang

Nyumba ya udongo katika nchi hizi za Mbulu na Hanang haifi kwa kichwa, hufa kwa miguu. Mtu hujenga ukuta mnene, huupaka vizuri, huezeka kwa bati jipya, na baada ya masika machache twaona sehemu ya chini imeliwa kama kiazi kilichogugunwa na panya. Juu ukuta ungali mgumu. Chini umekuwa mwembamba. Na usiku mmoja wa mvua huinama ukalala. Hapo majirani husema kwamba udongo ni kitu cha kimaskini, na mwenye nyumba huapa kwamba akipata fedha hatajenga tena ila kwa saruji. Sisi twaona ya kuwa udongo wasingiziwa. Mara nyingi kosa liko katika kile kilichowekwa chini ya ukuta, na kabla ya hapo katika mahali palipochaguliwa.

Twaandika habari hizi kwa kuwa saruji na nondo ni ghali kwa mkulima, na matofali ya kuchoma hula miti ambayo nchi haina ya kutosha. Kwa hiyo wako watu wanaouliza habari za ukuta wa udongo wa kushindiliwa, ambao mtu aweza kuujenga mwenyewe pamoja na jamaa zake kwa udongo wa kiwanja chake. Swali lao la kwanza ni la msingi. Jibu lake lina historia ndefu hapa hapa petu, nasi twaanza na wazee waliojenga bila msingi wa namna tuijuayo leo, na nyumba zao zikasimama.

Kiini cha nchi ya Wairaqw, ambao wengine huwaita Wambulu, ni ile nchi ya juu iitwayo kwa lugha yao Irqwa Da'aw, na kwa jina lililozoeleka katika utawala Mama Isara, penye Kainam na Murray. Ni nchi ya migongo ya vilima, karibu mita 2,000 juu ya bahari, yenye baridi na mvua, na upande wa mashariki yakoma ghafla kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, ziwa Manyara likilala chini kabisa. Katika karne ya 19 Wairaqw walijibana humo kwa sababu ya vita. Wamasai walipanda kutoka nyikani kutafuta ng'ombe. Na Wadatoga, waliokuwa wamesukumwa na Wamasai hao kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, walikuwa na nguvu upande wa kusini. Mtu mwenye ng'ombe watatu alikuwa na sababu nzuri ya kutaka asionekane.

Basi nyumba ikafichwa ardhini. Mjenzi alichagua mteremko, akachimba kuingia ndani ya kilima hata ukuta wa nyuma ukawa kilima chenyewe, na pande mbili za ubavuni nazo zikawa ardhi iliyokatwa. Uliobaki wa kujengwa ni upande wa mbele tu pamoja na mlango wake. Ndani zilisimamishwa nguzo za panda, juu yake zikalazwa boriti, juu ya boriti fito na majani, na mwisho wa yote udongo, mpaka paa likawa sawasawa na ardhi ya nyuma na nyasi zikaota juu yake. Aliyeshuka kutoka juu ya kilima aliweza kulikanyaga paa la mwenzake pasipo kujua kwamba chini ya nyayo zake wamo watu, mbuzi na ng'ombe. Humo ndani palikuwa na giza na moshi mwingi. Wanyama walilala pamoja na wenyewe, na jukwaa la miti lilitenga mahali pa kulala watu. H. A. Fosbrooke, aliyekuwa afisa wa serikali ya Tanganyika na mchunguzi wa mila, aliandika katika miaka ya 1950 jinsi makabila ya upande wa kaskazini mashariki yalivyojikinga na mashambulio, na nyumba hizi za Wairaqw zina fungu lao katika maandiko yake. Huko Karatu imechimbwa nyumba moja ya namna hiyo ili wageni na watoto wa shule wapate kuiona.

Wengi waitazamapo nyumba hiyo huona ujanja wa vita tu. Sisi twaona ndani yake ujuzi wa ardhi, na ujuzi huo ndio unaotuhusu. Ardhi iliyokatwa wima kama ukuta haisimami kila mahali. Kwenye mchanga huporomoka siku ile ile; kwenye udongo mweusi wa mbuga hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika; penye maji ya chini hulowa hata mtu hawezi kulala. Husimama katika ule udongo mwekundu, mzito, uliokaa mahali pake tangu zamani bila kuchimbuliwa wala kusombwa na maji. Tena nyumba iliyoingia ndani ya kilima isingemaliza msimu mmoja kama maji ya kilimani yangeachwa yashuke mpaka nyuma yake. Kwa hiyo yule mzee aliyezunguka mteremko akitafuta mahali pa kujificha alikuwa akitafuta pia udongo ulioshikana na njia kavu. Kwake yeye kuchagua mahali na kuweka msingi kulikuwa tendo moja. Msingi wake ulikuwa kilima.

Liko jambo jingine la imani ya zamani lililogusa kazi hii. Wairaqw walihesabu chemchemi na mikondo ya maji kuwa makao ya roho waitwao netlangw, wenye uwezo wa kudhuru, na mahali hapo paliogopwa. Hatuyaandiki haya ili kuirudisha imani hiyo. Twasema tu kwamba aliyeogopa kulala karibu na mkondo wa maji hakujenga nyumba yake katika njia ya mafuriko. Mabonde ya Irqwa Da'aw yalikuwa ya malisho na majani ya kiangazi. Watu walikaa juu ya migongo na mitelemko.

Jirani zao walikuwa na desturi nyingine. Wadatoga waliofuata majani na maji kuzunguka mlima Hanang walijenga kwa miti na udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, ndani ya boma la miiba. Nyumba ya mtu ahamaye haidai msingi. Wambugwe, wakikaa katika uwanda wazi kusini ya ziwa Manyara, ambapo adui huonekana tangu mbali, walijenga tembe za chini zenye paa bapa la udongo. Tembe, kama ijulikanavyo, ni nyumba iliyoenea nchi nyingi za katikati, kwa Wagogo na Wanyaturu na wengine.

Wala kazi ya mawe haikuwa ngeni katika pande hizi. Tukifuata ukingo wa Bonde la Ufa kwenda kaskazini, twafika Engaruka. Pale, tangu karne ya 15 hivi hata karne ya 18, waliishi wakulima waliochimba mifereji na kupanga mawe bila chokaa wala udongo wa kuyashikanisha, wakafanya majukwaa mengi juu ya mteremko wenye mawe, na juu ya kila jukwaa ikasimama nyumba. Mtaalamu wa Kidachi Hans Reck alipafika mwaka wa 1913, na Louis Leakey mwaka wa 1935, na wengine baada yao. Wako waliofikiri kwamba watu wale walikuwa na undugu na mababu wa Wairaqw, hasa kwa kuwa kilimo chao kilifanana. Lakini lililotuvuta sisi ni hili: nyumba za Engaruka zilikuwa za vitu vya kuoza, nazo zimekwisha zote, bali mawe yaliyowekwa chini yake bado yapo mahali yalipowekwa, na mtu aweza kuhesabu nyumba kwa misingi yake.

Sasa tueleze jinsi nyumba ya Wairaqw ilivyotoka ardhini. Katika mwanzo wa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wa nchi nyingi za Afrika ya Mashariki, na ndui ikafuata. Wamasai wakapungukiwa nguvu sana. Oscar Baumann, aliyepita pande hizi katika safari yake ya miaka ya 1892 na 1893, aliiona nchi ikiwa katika hali hiyo. Kisha Wadachi wakaweka boma Mbulu katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, na mashambulio yakakoma. Haikuwa lazima tena kujificha. Watu waliokuwa wamesongamana Irqwa Da'aw wakaanza kushuka na kuenea, kaskazini kuelekea Karatu, kusini kuelekea Dongobesh na Haydom, na wengine mpaka chini ya mlima Hanang. Baada ya vita vikuu vya pili serikali ya Waingereza iliongeza mwendo huo kwa kufyeka mapori yenye mbung'o ili watu na ng'ombe wao wapate nafasi.

Hapo ukuta ukasimama juani kwa mara ya kwanza. Watu walipata mwanga na hewa, na macho yao yakapumzika na moshi. Hakuna atakayelia kwa ajili ya nyumba ya zamani. Lakini ukuta ulipotoka ardhini ulikutana na maadui ambao hakuwajua. Mvua ilidondoka kutoka paani ikaruka kutoka chini na kuupiga mguu wake. Upepo uliisukuma mvua ubavuni. Unyevu wa ardhi ulipanda ndani yake kama mafuta yapandavyo katika utambi wa kibatari. Tena mjenzi mwenyewe alikuwa mgeni katika udongo mpya: ujuzi wake ulikuwa wa udongo mwekundu wa mlimani, na sasa alisimama juu ya udongo mweusi wa uwandani, akachimba kwa kipimo kile kile.

Kisha likaja jambo la pili. Mwezi wa Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima, na kazi hiyo iwe imekwisha kabla ya mwisho wa mwaka wa 1976. Mbulu na Hanang, wakati ule zikiwa katika Mkoa wa Arusha, zilihamishwa kama nchi nyingine. Faida na hasara za Operesheni Vijiji zimeandikwa na wengi, nasi hatutaki kuingia humo. Kwa habari ya misingi twaona jambo moja: viwanja viligawanywa kwa mistari, mara nyingi kufuata barabara, na mwenye nyumba hakuchagua tena mahali, alipimiwa. Kamba ya mpimaji haiulizi chini kuna udongo gani. Lile tendo moja la wazee likawa mawili, na nusu yake ya kwanza ikatoka mikononi mwa mjenzi. Kwa hiyo nusu ya pili, yaani mawe na mtaro, ikapata uzito ambao haikuwa nao zamani.

Na sasa twageukia ukuta wa kushindiliwa wenyewe, kwa maana si wote waujuao. Hujengwa kwa kasha la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, lililosimamishwa juu ya msingi. Udongo wenye changarawe, mchanga na mfinyanzi kidogo humwagwa ndani yake kimo cha sentimeta 15, ukapondwa kwa kishindilio cha mti au chuma hata ukabaki sentimeta 10 hivi na kutoa sauti ya kitu kigumu. Humwagwa tabaka jingine, na jingine, mpaka kasha likajaa. Ndipo mbao hufunguliwa na kusogezwa mbele. Udongo uwe na unyevu mdogo tu. Mtu huukamata mkononi akaufanya donge, akaliachia lianguke kutoka kifuani: likivunjika vipande vichache, unafaa, likitapanyika kama unga, ni mkavu, likibandika chini kama ugali, maji yamezidi.

Sanaa hii ni ya kale sana. Wachina waliitumia katika sehemu nyingi za Ukuta wao Mkuu, na kuta za mji wa Marrakesh katika Moroko, zilizojengwa karne ya 12, ni za udongo huo na zingaliko. Katika Ufaransa, upande wa Lyon, wakulima waliishi ndani ya nyumba hizo vizazi vingi, na François Cointeraux alifungua mafunzo na kuchapisha vitabu vyake juu yake mwishoni mwa karne ya 18, hata habari zikafika Uingereza na Marekani. Ndugu yake mdogo ni tofali la kubanwa kwa mashine ya mkono, lililotengenezwa kwanza huko Bogotá, Kolombia, katika miaka ya 1950. Katika nchi yetu Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi, uliotokana na taasisi iliyoanzishwa mwaka wa 1971, umewafundisha watu wengi matofali ya kufungamana ya namna hiyo.

Msomaji atambue uzito wa kitu hiki. Ukuta wenye unene wa sentimeta 40 na kimo cha mita 2 na nusu una kilo 2,000 hivi katika kila mita moja ya urefu wake, kabla paa halijawekwa. Ukuta wa fito na udongo ni mwepesi, nao hujikunja ardhi ikisogea. Huu haujikunji, hupasuka. Basi yale ambayo nyumba ya fito ilisamehe, nyumba ya kushindiliwa haisamehi.

Katika udongo mwekundu wa Mbulu kazi si ngumu. Udongo wa juu wenye mizizi huondolewa wote, na mtaro huchimbwa mpaka ardhi iliyoshikana, kwa kawaida si chini ya sentimeta 60. Mapana yake yazidi unene wa ukuta. Ndani yake hupangwa mawe magumu, makubwa chini, kila jiwe likilalia mawe mawili, na udongo au saruji iwe ya kujaza nafasi tu. Jiwe na likae juu ya jiwe. Fundi mzuri hulijua jiwe kwa sikio: likigongwa kwa nyundo hulia kama chuma, na lile lenye sauti ya chungu kilichopasuka hutupwa. Mawe hayo yapandishwe juu ya ardhi sentimeta 30 au zaidi, na hapa ndipo watu hufanya ubahili. Husema msingi umekwisha ulipofika sawa na ardhi, wakaanza udongo pale pale, wakaokoa mikokoteni miwili ya mawe na kupoteza nyumba. Matone yaangukayo kutoka kwenye bati huruka juu, na kimo yanachoruka ndicho kimo cha mawe. Juu ya mawe huwekwa tabaka la kuzuia unyevu, saruji nzito au lami, ndipo udongo uanze.

Wengine, wauonapo mguu wa ukuta ukiliwa, huukandika saruji kama kiatu. Twawaomba waache. Maji huingia nyuma ya saruji kwa ufa mdogo, hayapati njia ya kutoka, na udongo ulio ndani huoza gizani huku nje pakionekana pazuri. Siku saruji ibandukapo, hubanduka na nusu ya ukuta.

Iko namna nyingine ya msingi isiyohitaji saruji, nayo yafaa sana katika nchi yetu yenye mitelemko: mtaro uliojazwa mawe makavu na kokoto, sakafu yake ikiteremka kidogo mpaka mdomo ulio wazi chini ya kiwanja. Maji yaingiayo hupita kati ya mawe na kutoka. Frank Lloyd Wright, mchoraji majengo mashuhuri wa Marekani, aliitumia namna hii katika nyumba zake mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini katika uwanda usio na mteremko haifai hata kidogo, kwa sababu mtaro usio na mdomo ni kisima kilichochimbwa chini ya ukuta.

Na huko uwandani ndiko penye shida kubwa. Udongo mweusi wa mbuga huonyesha tabia yake wazi: katika kiangazi hufanya nyufa ambazo mkono wa mtu huingia, na masika yakija huvimba na kuziba. Nyumba iliyo juu yake hupandishwa na kushushwa kila mwaka, upande mmoja zaidi ya mwingine. Ushauri wetu wa kwanza ni kutafuta mwinuko, hata kama ni mbali na barabara. Asiye na njia nyingine hana budi kuuchimba udongo huo na kuuondoa mpaka afike chini yake, kisha kujaza kifusi cha changarawe na kukishindilia tabaka kwa tabaka. Na gharama hiyo mara nyingi huzidi ile ya ukuta. Karibu na ziwa Balangida na mahali pengine penye chumvi na magadi, adui ni mwingine: maji yapandayo huleta chumvi ndani ya ukuta, maji hukauka, chumvi hubaki na kukua kama vijisindano, na udongo humomonyoka ukawa unga. Huko mawe ya msingi yawe marefu zaidi juu ya ardhi, na tabaka la kuzuia unyevu lisisahauliwe.

Nchi yetu yakaa pia juu ya Bonde la Ufa, ambalo halijatulia. Tarehe 7 Mei 1964 tetemeko lenye nguvu ya zaidi ya 6 lilitikisa upande wa Mbulu na ziwa Manyara. Tetemeko la Bukoba la Septemba 2016, lililokuwa dogo kuliko hilo, liliua watu na kuharibu maelfu ya nyumba, nyingi zikiwa za matofali yaliyoshikanishwa kwa matope. Kwa ajili hiyo mawe ya pembeni yaumane vizuri, na juu ya ukuta ufungwe mshipi mmoja wa mbao au zege unaozunguka nyumba nzima.

Lakini yote tuliyoyasema juu ya mawe na mitaro hayana kazi palipo na jambo kama lile la Hanang. Mlima Hanang, volkano iliyozimika ya zaidi ya mita 3,400, husimama peke yake juu ya uwanda, nao huvuta mawingu. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya ubavu wake ilimeguka. Wataalamu wa miamba wa Serikali walieleza kwamba miamba laini ilijaa maji na kulegea. Matope, mawe na magogo yalishuka kwa kufuata mikondo yakaingia katika mji wa Katesh na kijiji cha Gendabi na mahali pengine. Watu 89 walikufa. Nyumba za udongo, za matofali ya kuchoma na za saruji zilikwenda pamoja, na msingi mzuri haukumsaidia mtu. Baadaye nyumba mpya zaidi ya 100 zilijengwa Waret kwa ajili ya waliopoteza makao.

Hatuwezi kuwalaumu watu wa Katesh kwa kukaa pale. Chini ya mlima pana maji, udongo wenye rutuba, barabara na soko. Ni mahali ambapo mtu yeyote mwenye akili angependa kuishi. Ila tujiulize udongo ule mzuri ulifikaje hapo. Kila mlima mkali una mikono ya ardhi iliyotandazwa miguuni pake kama kipepeo cha moto, palipo na mdomo wa korongo, na ardhi hiyo yote ilishuka kutoka juu, maporomoko baada ya maporomoko, kabla hajakuwako mtu wa kuyahesabu. Anayechimba msingi katika ardhi ya namna hiyo aweza kulisoma jambo hilo kwa macho yake. Ardhi iliyokaa mahali pake hubadilika polepole kadiri ashukavyo, nyekundu, kisha nyekundu yenye madoa, kisha jiwe lililooza. Ardhi iliyoletwa na mlima huonyesha mawe makubwa na madogo yamechanganyika ovyo ndani ya matope yaliyokauka, na chini yake tabaka la udongo mweusi wenye mizizi ya kale, na chini ya hilo mawe tena. Aonaye hayo karibu na mdomo wa korongo asiulize habari ya saruji. Afukie shimo, aende mahali pengine.

Kwa sababu hiyo, kabla ya mbao za kasha kukatwa na kabla ya mkokoteni wa kwanza wa mawe kununuliwa, yafaa kuchimba shimo moja katikati ya kiwanja, kina cha kimo cha mtu. Lichimbwe kabla ya mvua za Novemba na kuachwa wazi, limezungushiwa miiba kwa ajili ya watoto na ndama, mpaka mvua zikome mwezi wa Mei. Mjenzi aende kulitazama baada ya kila mvua kubwa: maji yameingia kwa juu au kwa chini, yamekaa siku ngapi, kuta zimesimama au zimeporomoka, nyufa zimeonekana wapi. Gharama yake ni kazi ya siku mbili ya mtu mmoja mwenye sururu na beleshi.